Nionyeshe Mahali: Mazungumzo Juu ya Watazamaji na Mapenzi Yasiyotajwa

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwanafunzi wetu wa zamani, mwalimu mstaafu wa fasihi, katika bwalo la shule siku ya mkutano wa mwaka. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu tumezipunguza. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, walimu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vyenu vimekaliwa na wazee:

Nashukuru sana kwa heshima mliyonipa. Kwa miaka minne nilikula ugali na maharage ndani ya bwalo hili hili. Nafurahi kuona kuta zimepakwa rangi, ingawa maharage, kwa harufu niliyoisikia tangu asubuhi, hayajabadilika. (Kicheko.)

Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "Vijana na Televisheni". Nilidhani najua kinachotakiwa: mzee asimame, aseme televisheni inapoteza wakati, apigiwe makofi, aketi. Lakini ndani ya bahasha ile ile mlezi wa Chama cha Mdahalo alitia karatasi yenye maswali matatu ya wanafunzi. La kwanza lilihusu saa za kujisomea. La pili lilikuwa kama gemu za kompyuta huharibu macho, na hilo ni la daktari. La tatu liliandikwa kwa mwandiko mdogo, bila jina: "Kwa nini watazamaji wengine husema kwamba wahusika wawili wanaume, au wawili wanawake, ni wapenzi, na hali mwandishi hakusema hivyo? Je, wanaona kilichopo, au wanajitungia?"

Nimelichagua hilo la tatu. Nilimwomba Mwalimu Mkuu ruhusa kwanza, kama ipasavyo, naye akanijibu kwamba hapa ni shuleni, na swali lililoulizwa kwa adabu hujibiwa kwa adabu. Sheria ya nchi juu ya mambo haya mnaijua, na sikuja kuijadili. Nimekuja kuzungumzia kusoma, kazi niliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano. Ninayo pia sababu ya pili, ambayo si ya kujivunia. Nitaieleza tukifika mahali pake.

Nianze na neno moja la kwetu. Mwanamke wa Pwani akimwita mwenzake "shoga yangu", hakuna anayeshtuka. Huyo ni rafiki yake, msiri wake, mtu wa kuazimana naye kanga. Neno hilo hilo likisemwa juu ya mwanamume, maana yake inageuka, na mara nyingi huwa tusi. Neno ni moja, maana ni mbili, na kila siku tunazitenganisha kwa kuangalia nani kasema, kamwambia nani, kwa sauti gani. Vivyo hivyo "mpenzi". Mtangazaji wa redio akisema "wapenzi wasikilizaji", hakuna anayedhani ameposwa. (Kicheko.) Tena lugha yetu haimbagui mume na mke katika kitenzi. "Anampenda." Nani anampenda nani? Mwingereza hana budi kuchagua mara moja. Sisi twaweza kusikiliza wimbo mzima wa taarabu tusijue kama anayeimbiwa ni bwana au bibi, na pengine mtunzi amekusudia tusijue. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwa hiyo kutafuta kilicho chini ya maneno si kazi iliyoletwa na televisheni. Tumeifanya tangu kwa bibi zetu.

Sasa twende Marekani, maana mambo ninayotaka kuyaeleza yalianzia huko.

Mwaka 1930 wenye makampuni ya sinema ya Hollywood walikubaliana juu ya kanuni za maadili, na tangu 1934 zikaanza kusimamiwa kwa ukali. Filamu isiyopitishwa ilikuwa vigumu kuonyeshwa katika majumba makubwa. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kuonyesha, au hata kudokeza, mapenzi ya watu wa jinsia moja. Kanuni hizo zilidumu hadi 1968. Je, watu wa namna hiyo walitoweka katika hadithi? La hasha. Waandishi walijifunza kusema bila kusema, na watazamaji wakajifunza kusikia kisichosemwa. Kizazi kizima kilifundishwa na wakaguzi wenyewe kusoma jicho, mkono, na kimya.

Wazee wenzangu mnaikumbuka Ben-Hur, filamu ya mwaka 1959. Mimi niliitazama wakati wa likizo, nimeketi viti vya mbele kabisa vya bei rahisi, na kilichobaki kichwani ni farasi na vumbi. Mnakumbuka jinsi Ben-Hur na Messala wanavyokutana baada ya miaka mingi? Wanarusha mikuki kwenye boriti kama walivyofanya utotoni, wanakunywa mikono ikiwa imepitana, kisha wanagombana juu ya siasa, na Messala anamwangamiza rafiki yake pamoja na mama yake na dada yake. Mwandishi Gore Vidal, mmoja wa waliotia mkono katika maandishi ya filamu hiyo, alieleza baadaye kwamba ugomvi wa siasa peke yake haukumtosha kueleza chuki kubwa namna ile. Kwa hiyo, alisema, aliuandika mkutano ule kama wa watu waliopendana zamani, na mmoja anataka warudie, mwenzake hataki. Alidai kwamba Stephen Boyd, aliyekuwa Messala, aliambiwa, na Charlton Heston, aliyekuwa Ben-Hur, hakuambiwa. Heston alikana kwa nguvu hadi uzeeni. Nani mkweli? Mimi sikuwepo. Lakini nikiitazama leo, namwona Boyd akitazama kwa namna moja, na Heston kwa namna nyingine.

Televisheni ilikuja na jambo jipya: wahusika wale wale walirudi nyumbani kwako kila wiki. Tarehe 8 Septemba 1966 ulianza kuonyeshwa huko Marekani mchezo uitwao Star Trek, wa safari za anga. Kapteni wa chombo ni Kirk, mtu wa moto na wa wanawake wengi. Msaidizi wake mkuu ni Spock, ambaye baba yake ni wa sayari ya Vulcan na mama yake ni binadamu. Watu wa Vulcan huzizuia hisia zao. Spock hacheki, halii, hamkumbatii mtu. Mchezo huo ulidumu miaka mitatu, sehemu 79, kisha ukafutwa mwaka 1969.

Nitawaeleza sehemu moja tu, ya Septemba 1967. Spock anapatwa na hali ya Wavulcan ya kuhitaji kuoa. Asiporudi kwao kufunga ndoa, atakufa. Kirk anavunja amri ya wakubwa wake ili kumpeleka. Wakifika, bibi harusi anamkataa Spock na kudai pigano, kisha anamchagua Kirk awe mpiganaji wake. Spock, akili zimemruka, anapigana na kuamini kwamba amemwua kapteni wake. Bibi harusi anamtoka moyoni papo hapo. Anarudi chomboni kujisalimisha, na Kirk anatokea mlangoni akiwa hai, kwa sababu daktari alikuwa amemdunga dawa ya kumfanya aonekane amekufa. Na Spock, yule asiyecheka, anapaza sauti, anamshika Kirk mikono yote miwili, na uso wake wote unacheka. Kisha anakumbuka kwamba wenzake wanamwona, anajirudi.

Kama mtu mwingine yeyote angelifanya hivyo, lisingekuwa jambo. Mimi nikimwona rafiki niliyedhani amekufa nitamrukia shingoni. Uzito wa kitendo kile umo katika tabia ya mtendaji. Mtu asiyegusa akigusa, mtazamaji ana haki ya kuuliza. Nitaongeza kwamba aliyeandika sehemu hiyo, Theodore Sturgeon, alikuwa tayari amechapisha mwaka 1953 hadithi fupi iliyowahurumia watu wapendao wa jinsia yao, wakati ambapo karibu hakuna aliyethubutu. Hilo halithibitishi kitu. Lakini tunajua kwamba mkono ule haukuwa mgeni wa jambo hilo.

Walioliuliza swali lile kwa sauti walikuwa wanawake hasa. Mashabiki wa Star Trek walikuwa na vijarida vyao tangu 1967, wanavyovitunga, kuvipiga taipu na kuvituma kwa posta. Mwaka 1974, katika kijarida kimoja, ikatokea hadithi fupi ya wapenzi wawili wasiotajwa majina. Mwandishi wake, Diane Marchant wa Australia, alikiri baadaye kwamba ni Kirk na Spock. Baada ya hapo zikaja nyingine nyingi, na jina la aina hiyo ya hadithi likatokana na mkwaju ule unaowekwa kati ya herufi K na S.

Mwaka huo wa 1974 sisi tulikuwa Kidato cha Nne. Mimi na mwenzangu mmoja, ambaye namwona pale mstari wa pili anajifanya hanisikii, tulipewa kazi ya kuzungusha mkono wa mashine ya kudurufu ili kuchapa gazeti la shule. Mnaikumbuka ile wino iliyoingia kwenye kucha wiki nzima? Stensili ikichanika, ukurasa umepotea. Basi sikiliza ajabu: vijarida vile vya Marekani vingi vilichapwa kwa mashine kama ile ile. Kazi ilikuwa nyingi, faida hakuna, na baadhi ya hadithi zilizungushwa mkono kwa mkono kwa hofu ya kulaumiwa. Mtu hasumbuki hivyo kwa ajili ya mzaha. Walikuwa wamesoma kwa makini kuliko wanafunzi wangu wengi: walijua sehemu gani, dakika gani, nani alimtazama nani.

Gene Roddenberry, aliyeubuni mchezo wenyewe, alizisikia habari hizo. Mwaka 1979, alipoandika riwaya ya filamu ya kwanza ya Star Trek, alitia maelezo chini ya ukurasa juu ya neno la Kivulcan ambalo Spock analitumia kwa Kirk. Neno hilo, anaeleza, laweza kuwa na maana ya rafiki, na ndugu, na mpenzi. Kisha anamfanya Kirk mwenyewe aseme kwamba uvumi ule hakuwahi kuufahamu, na kwamba yeye hupendelea wanawake. Mnaona ufundi wake? Mlango ameufunga, ufunguo ameuacha nje. Mtu wa Pwani anayejua "shoga" na "mpenzi" hahitaji mwalimu wa kumweleza neno lile la Kivulcan.

Msomi mmoja wa Marekani, Henry Jenkins, aliandika kitabu mwaka 1992 kuhusu mashabiki hawa, na akawafananisha na majangili wanaoingia katika shamba la mtu kuwinda. Alikusudia kuwasifu, lakini mfano huo kwetu haukai vizuri. Jangili akiondoka, tembo amekufa. Hawa wakiondoka, Spock yu hai, na aliyetaka kumwona rafiki tu bado anamwona rafiki tu.

Sasa nimefika mahali pa ile sababu yangu ya pili.

Mwaka 1986 nilikuwa nafundisha Kidato cha Tatu katika shule nyingine ya bweni, mbali na hapa. Tulisoma hadithi fupi ya wavuvi wawili. Mmoja anazama baharini. Mwenzake anabaki, anakataa kila mchumba anayeletewa, na hadithi inakwisha akiwa mzee. Niliwapa insha: "Eleza kwa nini mvuvi yule hakuoa." Karibu wote waliandika nilichowaambia darasani, kwamba ni kwa sababu ya umaskini. Kijana mmoja mpole, wa dawati la pili dirishani, aliandika kwamba mvuvi yule alimpenda marehemu kama mtu anavyompenda mkewe, ndiyo maana kila jioni alipakua sahani mbili.

Niliisoma insha ile mbele ya darasa. Niliisoma kwa sauti ya kuchekesha, nayo darasa likacheka kama nilivyotaka. Kisha nikamwuliza, "Na wewe umeyajuaje mambo haya?" Darasa likaangua kicheko mara ya pili. Kuanzia jioni ile alipewa jina bwenini, na jina hilo sitalitamka hapa. Sikulizuia. Hadi mwisho wa mwaka aliandika nilichoandika ubaoni, neno kwa neno, nami nikampa maksi nzuri.

Miaka mingi baadaye nilikifungua tena kitabu kile, nikitafuta kitu kingine. Sahani mbili zilikuwemo. Si mara moja, mara tatu. Mimi niliyekifundisha kitabu kile mihula mitano sikuwa nimeziona. Umaskini niliokuwa naufundisha, kwa upande wake, haukuwemo. Mvuvi yule alikuwa na mashua yake mwenyewe na wachumba aliletewa bila kutakiwa mahari.

Sijui kama kijana yule alikuwa akijisema mwenyewe. Sikuwa na haki ya kujua, na insha haikuniuliza hilo. Kosa langu la ualimu ni kwamba aliniletea ushahidi wa kitabuni, nami nikamwuliza habari za nafsi yake. Nilipaswa kumwambia maneno mawili tu: nionyeshe mahali. Angenionyesha.

(Kimya kidogo. Maji yakaletwa.)

Asanteni. Turudi kwenye televisheni. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990, kwa hiyo wengi wetu tumeingia katika mazungumzo haya katikati. Nitapita haraka.

Kulikuwa na Xena, wa miaka ya 1995 hadi 2001, ambao baadhi yenu mmeuona: mwanamke shujaa na mwenzake Gabrielle wanaotembea pamoja nchi hadi nchi. Mashabiki walianza kutazama chini ya maneno, na waliotengeneza mchezo wakajua, wakaanza kuwajibu kwa vidokezo zaidi, bila kusema wazi. Ni kama mtunzi na mjibuji katika malumbano ya mashairi. Huko Japani kulikuwa na katuni ya Sailor Moon, ambamo mwaka 1994 walitokea wasichana wawili, Haruka na Michiru, ambao ni wapenzi bila kificho. Ilipotiwa sauti za Kiingereza mwaka 2000, wafasiri wakawageuza binamu. Picha lakini hawakuweza kuzibadilisha zote, na watoto wa Marekani wakabaki wakishangaa binamu wanaotazamana namna ile. Kwetu Pwani hila hiyo isingesaidia hata kidogo, maana binamu huoana. (Kicheko kikubwa.) Hapa, kijana uliyeuliza swali, watazamaji walioona mapenzi hawakujitungia kitu. Walisoma kilichokuwapo, na aliyetunga ni mfasiri.

Na mara nyingine mwandishi mwenyewe huja kusema. Katuni ya The Legend of Korra ilimalizika tarehe 19 Desemba 2014 kwa wasichana wawili, Korra na Asami, kushikana mikono na kuingia pamoja katika mwanga wakitazamana. Watu wakabishana: marafiki au wapenzi? Baada ya siku tatu waliobuni katuni hiyo wakaandika kwamba ni wapenzi, na kwamba walikwenda mbali kadiri walivyodhani wataruhusiwa.

Gemu ni jambo la pekee, na hapa naomba vijana mnivumilie, maana nimefundishwa na mjukuu. Katika televisheni unatazama. Katika gemu mkono wako umo ndani. Mwaka 1999, katika maonyesho ya biashara ya gemu huko Los Angeles, kampuni moja ilionyesha The Sims, gemu ambamo watu wadogo wa kompyuta wanaishi, wanakula, wanapendana. Kijana mwandishi wa programu, Patrick J. Barrett, alikuwa amepewa maelezo ya zamani ambayo hayakuzuia mapenzi ya jinsia moja, akaandika programu hivyo, asijue kwamba wakubwa wake walikuwa wamebadili nia. Siku ya maonyesho ikaonyeshwa arusi, na wageni wawili wa kike, ambao hakuna aliyewapangia la kufanya, wakabusiana mbele ya waandishi wa habari. Gemu ilitoka mwaka 2000 bila kuondolewa jambo hilo. Nani aliyetunga busu lile? Si mwandishi, maana hakuliandika. Si mtazamaji, maana hakuliomba. Katika miaka yangu yote ya kufundisha fasihi sijapata swali gumu kama hilo, na silijibu leo.

Mjukuu wangu lakini anapenda gemu nyingine ya Kijapani, ya vita, Fire Emblem. Ziko mbili zinazofuatana, ya 2005 na ya 2007, na shujaa wake ni kijana aitwaye Ike. Mshauri wake wa vita ni Soren, kijana mkali, anayechukia karibu kila mtu. Polepole unajua kwamba Soren alipokuwa mtoto mwenye njaa, wa kufukuzwa kila nyumba, ni Ike aliyempa chakula. Katika gemu hizo, wapiganaji unaowapeleka vitani pamoja huzidi kuzoeana na kuzungumza. Wenzao wengine mwisho wa hadithi huoa. Ike haoi. Ukimweka karibu na Soren vya kutosha, mwisho wa gemu ya 2007 wawili hao wanaondoka pamoja kwenda nchi za mbali. Hapo basi. Gemu haisemi kwamba ni wapenzi. Mjukuu wangu anasema ni wapenzi. Nilimwambia, nionyeshe mahali. Alinionyesha jioni nzima, hadi bibi yake akatuzimia taa. Sikukubaliana naye kwa yote, lakini tulikuwa tumesoma.

Nisiwapake mafuta mashabiki hata hivyo. Wako wanaopotea. Mchezo wa Sherlock wa Uingereza, ulioanza 2010, tangu sehemu ya kwanza ulifanya mzaha kwamba Sherlock Holmes na Daktari Watson huenda ni wapenzi: mwenye nyumba anadhani hivyo, mwenye mkahawa anadhani hivyo, Watson anakana. Mzaha ukarudiwa miaka saba. Baadhi ya mashabiki wakaamini kwamba ni dalili za siri, na sehemu ya mwisho ilipoonyeshwa Januari 2017 bila mapenzi yoyote, wakasema hiyo si ya mwisho, iko nyingine imefichwa, itakuja wiki ijayo. Haikuja. Hapo mtu ameacha kusoma, anapiga ramli. Kila kisichokuwepo kimekuwa ushahidi. Lakini nawalaumu zaidi waliotengeneza, kwa sababu ukimwonyesha mwenye njaa sahani mara kumi na kuifunika mara kumi, usimcheke akidhani iko chakula jikoni.

Mzee mwenzangu mmoja, nilipomweleza mada asubuhi, aliniuliza swali ambalo ni zito kuliko yote: "Sasa urafiki utabaki wapi? Kila wawili wakipendana itasemwa ni hivyo?" Naam. Mimi na yeye mwaka 1973 tulikuwa tukishuka mtoni kufua tumeshikana mikono, vidole kwa vidole, na hakuna aliyetutazama mara mbili. Picha ile ikionyeshwa London itasomwa vingine, na itakuwa imesomwa vibaya, kwa sababu huko wanaume hawashikani mikono hivyo na hapa wanashikana. Kwa hiyo anayesoma hana budi kujua desturi ya waliomo, kama tulivyosema juu ya Spock asiyegusa. Kuhusu hofu ya mzee mwenzangu, nimeona jambo kinyume na alivyodhani. Katika shule niliyofundisha, baada ya lile jina kutolewa bwenini, wavulana waliacha kushikana mikono. Hakuna shabiki aliyewazuia, wala gemu, wala mchezo wa televisheni, maana televisheni yenyewe hatukuwa nayo. Walizuiwa na kicheko nilichokianzisha mimi.

Ndugu Mwenyekiti, naona Ndugu Katibu anaitazama saa yake, na harufu ya maharage imezidi.

Kwa aliyeuliza swali la tatu: wakati mwingine wanaona kilichopo, wakati mwingine wanajitungia, na mara nyingi wanakamilisha kilichoachwa nusu. Huwezi kujua ni lipi kabla hujaufungua ukurasa. Baada ya chakula nitakuwa chini ya mwembe ule wa karibu na maabara mpaka basi letu litakapoondoka saa kumi. Ukija, njoo na mahali pako pa kunionyesha. Jina sitakuuliza.

 (Makofi.)